Mwongozo kamili: kubuni programu ya simu ya kuuza na kununua mitumba

Programu nyingi za biashara mtandaoni zimejengwa kwa ajili ya duka lenye stoo. Muuzaji anapiga picha moja ya kiatu, anaandika kwamba anazo pea 200, na picha hiyo inamuuzia mwaka mzima. Mtumba hauko hivyo. Kila nguo inayotoka kwenye belo ni moja tu, yenye saizi yake, doa lake na bei yake. Ikiuzwa, tangazo lake limekufa na kazi ya kupiga picha inaanza upya. Chukua gauni la shilingi 6,000 ambalo faida yake ni 2,000. Muuzaji akitumia dakika tano kuliposti kwenye programu yako, umempa kazi isiyolipa. Ataposti la kwanza kwa kukuheshimu, la pili kwa shingo upande, kisha atarudi kwenye statasi yake ya WhatsApp.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini swali ni lile lile: nguo moja inamgharimu muuzaji muda gani? Mnunuzi naye ana mahitaji yake, tutafika huko, lakini mnunuzi hufuata nguo. Pasipo nguo mpya kila siku, skrini nzuri kiasi gani haitamrudisha. Mfano wangu ni Dar es Salaam. Aliyeko Memorial ya Moshi atautumia ulivyo; aliyeko Gikomba ya Nairobi au Kongowea ya Mombasa atabadilisha majina ya mitandao ya simu na sheria, mengine yatamfaa vilevile.

Hatua ya 1: Nenda sokoni kabla ya kuchora chochote

Fika Karume, Ilala, asubuhi mabelo yanapofunguliwa, usimame pembeni uangalie nani anachagua kwanza. Nguo kali huondoka dakika za mwanzo, zikichukuliwa na watu wanaokwenda kuziuza tena mtandaoni au kwa wateja wao wa maofisini. Zinazobaki hushuka bei siku hadi siku, mpaka zinamwagwa chini na kuuzwa bei moja kwa zote. Hao wachaguzi wa mwanzo ndio watumiaji wako. Mwenye meza anayeuza za kumwaga hana haja ya programu, wateja wamemzunguka tayari.

Omba kukaa na mmoja wao nyumbani siku anayopiga picha. Usimuulize anataka programu ya namna gani, maana atakujibu kwa adabu tu. Mwombe akusomee mazungumzo yake na wateja wa karibuni. Utakuta mteja anayeuliza bei ilhali imeandikwa. Utakuta anayeuliza "itanitosha? mimi mnene kiasi", anayeomba picha ya nyuma, anayeahidi kutuma hela jioni kisha kimya. Na utakuta wawili walioandika "hiyo yangu" dakika moja, kila mmoja akiapa kwamba alitangulia. Yaandike maswali hayo kwa maneno yao wenyewe. Kila linalojirudia linastahili nafasi kwenye skrini.

Mshindani wako ni mazungumzo hayo ya WhatsApp, usidanganyike na majina makubwa ya nje. Vinted, programu ya kuuza nguo zilizotumika iliyoanza Lithuania mwaka 2008, inafaa kuchunguzwa sana, ila imesimama juu ya mambo ambayo hapa hayapo au ni haba: vifurushi vinavyofika mtaa wowote kwa bei nafuu, kadi za benki, na muuzaji anayepunguza nguo za kabatini kwake. Wa kwetu ameweka mtaji kwenye belo, na mtaji huo unatakiwa urudi wiki hii.

Hatua ya 2: Punguza eneo

Mji mmoja, aina moja ya nguo. Ningeanza na magauni na blauzi za kike: zina wanunuzi wengi, zinapigika picha vizuri, na vipimo vyake havisumbui kama jinzi. Viatu viache kwanza, hata kama kila mtu atakuambia ndivyo vinavyotoka. Soli na harufu havionekani pichani, na huko ndiko ugomvi unakoanzia.

Hatua ya 3: Skrini ya kuposti

Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako wote.

Muuzaji akibonyeza "Uza", kamera ifunguke papo hapo. Fomu yenye mistari kumi na mbili ya kujaza ni ukuta. Omba picha tatu, na juu ya kamera weka mchoro hafifu unaoonyesha nini kinatakiwa: mbele yote, nyuma yote, kisha lebo ya shingoni. Picha ya nne hujitokeza tu akisema nguo ina kasoro.

Baada ya picha, maswali yote yajibiwe kwa kugusa, isipokuwa bei na vipimo. Aina ya nguo, rangi kama vidoti, hali ya nguo. Kwenye hali, achana na "grade A". Hilo ni daraja la belo zima, na ndani ya belo la daraja la kwanza hutoka pia nguo iliyochanika kwapani. Andika sentensi ambayo watu wawili watakubaliana wakiitazama nguo: "Haijavaliwa, bado ina lebo ya dukani." "Imevaliwa, haina kasoro ya kuonekana." "Ina kasoro." Akichagua ya tatu, mletee orodha fupi ya kugusa: doa, kitobo, zipu mbovu, kifungo kimepotea, mshono umefumuka, rangi imepauka. Na picha ya kasoro yenyewe iwe ya lazima. Wauzaji watanung'unika mwanzoni. Lakini tobo lililoonyeshwa halirudishi nguo, lililofichwa ndilo linalorudisha.

Sasa saizi. Lebo ya shingoni itakupotosha ukiitegemea peke yake. Gauni la Uingereza la 12 kwa kawaida ni 8 la Marekani na 40 la Ulaya, na belo moja linaweza kuwa na yote matatu. Tena nguo iliyofuliwa mara nyingi imeshasinyaa au imelegea. Omba vipimo vya nguo ikiwa imelazwa: kwapa hadi kwapa, kiuno, urefu kutoka begani. Viwe vya inchi, kwa sababu ndiyo futi ya fundi iliyomo nyumbani. Onyesha mchoro wa gauni wenye mistari pale futi inapopita. Akiandika 19 kwapa hadi kwapa, programu yenyewe iandike "kifua inchi 38". Akiandika 190, imuulize kwa upole kama hakuteleza kidole.

Mpe pia njia ya kuposti kwa mkupuo, kwa sababu hakuna anayepiga picha nguo moja moja. Mtu anatundika nguo 30 kwenye mlango, anazipiga zote mwanga ukiwa mzuri, kisha anakaa kitandani kujaza maelezo usiku. Programu iruhusu hivyo: picha kwanza kwa nguo zote, maelezo baadaye. Alichochagua kwenye nguo iliyotangulia kijijaze kwenye inayofuata, yeye abadilishe kinachotofautiana tu. Kama 20 kati ya 30 ni magauni, kwa nini aguse "gauni" mara ishirini?

Kuna jambo ambalo wabunifu hulisahau kwa kuwa halimo ndani ya simu. Nguo imeuzwa, mteja amelipa, boda yuko nje anapiga honi, na muuzaji amepiga magoti sakafuni akipekua rundo la nguo 80 akitafuta blauzi ya damu ya mzee yenye vifungo vidogo. Kwa hiyo kila nguo inapoanza kupigwa picha, programu itoe namba fupi, tuseme 47, kwa maandishi makubwa. Muuzaji aiandike kwenye kipande cha karatasi, akibane kwenye lebo kwa pini, na aweke nguo kwenye mfuko wa namba 41 hadi 50. Oda ikiingia, ujumbe uanze na namba hiyo: "Namba 47 imelipiwa." Kazi ya kuiandika programu hii ndogo ni ya saa chache. Faida yake utaiona wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Skrini ya mnunuzi

Mnunuzi wa mtumba hajui anachotafuta mpaka akione, kwa hiyo mpe picha kubwa za kuteleza nazo, bei ikiwa juu ya picha. Chujio la kwanza liwe saizi, la pili bei. Mengine yafichwe nyuma ya kitufe.

Njia bora ya kuuliza saizi ni kumwambia achukue gauni moja analolipenda na linalomkaa vizuri, alilaze, alipime kwapa hadi kwapa, aandike namba hiyo mara moja tu. Kuanzia hapo kila nguo imwambie: "Pana kuliko lako kwa inchi 1." Kujipima mwili peke yako ni shida, na wengi hupunguza tumbo wanapopima. Gauni halijui kubana pumzi.

Nguo iliyouzwa itoke kwenye matokeo mara moja. Ukiiacha na alama ya "imeuzwa" ili kuonyesha biashara imechangamka, unamchokoza mnunuzi na kumlia bando.

Kwenye utafutaji, kubali watu wanavyoandika: jeans, jinzi, jinsi; tisheti na fulana; gaun bila i. Tengeneza orodha ya maneno yanayolingana kutoka kwenye yale maswali ya hatua ya kwanza, na kila wiki angalia maneno yaliyotafutwa yakaleta sifuri. Humo utakutana na "dera la kushindia" na "nguo ya send-off".

Hatua ya 5: Kupatana bei

Usijaribu kukomesha kupunguziana bei. Ukiweka bei isiyojadilika, mazungumzo yatahamia WhatsApp na malipo yataenda nayo. Weka kitufe cha "Omba bei" chenye namba tatu tayari zilizokokotolewa, na mahali pa kuandika yake. Muuzaji awe na majibu matatu: kubali, kataa, au "bei ya mwisho ni…". Mizunguko miwili inatosha, kisha programu ifunge mjadala. Awe pia na uwezo wa kuweka kimyakimya kiwango ambacho chini yake ofa zijikatae zenyewe, asiamshwe saa sita usiku na mtu wa buku.

Mwige mwenye meza wa Karume: mruhusu muuzaji aseme kwamba nguo isipotoka kwa siku tatu ishuke kwa 1,000, mpaka ifike kiwango fulani. Waliokuwa wameihifadhi wapate taarifa inaposhuka.

Halafu nauli. Gauni la 8,000 likisafirishwa kwa boda ya 4,000, mnunuzi analipa nusu nyingine ya nguo kwa ajili ya barabara. Ndiyo maana chini ya kila nguo waonyeshwe nguo nyingine za muuzaji huyo huyo za saizi hiyo hiyo, na hesabu iandikwe wazi: ukichukua tatu, nauli ni ile ile. Kwa mauzo, sehemu hii ndogo inazidi matangazo.

Hatua ya 6: Nguo moja, mikono miwili

Wawili wakibonyeza "Nunua" kwa sekunde moja, nani anapata? Simu zisiamue, kwa kuwa saa zake hutofautiana na mtandao wa mmoja huchelewa. Seva ndiyo iamue. Nguo iwe na hali tatu: ipo, imeshikwa, imeuzwa. Wa kwanza kufika kwenye seva anaishika kwa dakika 15 ili alipe. Wa pili aambiwe ukweli: "Kuna mtu analipa sasa. Tukujulishe akishindwa?" Muamala ukikwama, nguo irudi yenyewe. Mwambie fundi wako wa programu alijaribu hili kwa simu mbili mkononi kabla hujamlipa.

Hatua ya 7: Malipo na kuaminiana

Mnunuzi anaogopa kutuma hela akapotezewa. Muuzaji anaogopa kutuma nguo akakimbiwa. Vinted wametatua kwa kushikilia pesa mpaka mnunuzi aseme sawa, naye ana siku 2 za kusema baada ya kupokea. Wazo hilo linafaa hapa, ila siku mbili ni nyingi kwa mtu anayetaka kurudi kwenye belo kesho alfajiri.

Ndani ya mji, tumia namba ya makabidhiano. Mnunuzi akishalipa, simu yake inaonyesha tarakimu nne. Boda akifika, mnunuzi anaifungua nguo, anaigeuza, analinganisha na picha, kisha anamtajia boda namba. Boda anaiingiza, na pesa inaachiwa kwa muuzaji hapo hapo. Kwa mikoani, muuzaji apige picha risiti ya mzigo wa basi, na saa za kukagua zianze mzigo unapopokelewa stendi.

Kanuni ya kurudisha iwe fupi kiasi cha kukaa kwenye skrini moja. Kasoro ambayo haikuonyeshwa: pesa inarudi. Kipimo kilichozidi au kupungua zaidi ya inchi moja na nusu: pesa inarudi. "Sijaipenda" na "haijanikaa": hairudi. Sasa unaona kwa nini vipimo vya hatua ya tatu haviepukiki. Bila hivyo utakuwa hakimu wa maneno matupu.

Usije ukashika pesa za watu kwenye namba yako binafsi. Tanzania ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na shughuli hizo husimamiwa na Benki Kuu. Pitia kampuni yenye leseni, kama Selcom au AzamPay, itakayokuunganisha na M-Pesa, Airtel Money, Mixx na HaloPesa. Ombi la malipo lijitokeze kwenye simu ya mnunuzi, yeye aweke namba ya siri tu. Kenya utafika M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Na oda isithibitishwe hata siku moja kwa picha ya ujumbe wa muamala, kwani jumbe hizo zinaghushiwa kila leo. Uthibitisho utoke kwenye mfumo wa malipo wenyewe.

Hatua ya 8: Bando, jua na maneno

Picha ya simu ya kawaida ina megabaiti kadhaa. Ipunguzwe ndani ya simu kabla ya kupanda, ibaki chini ya kilobaiti 200, na kwenye orodha itumike ndogo zaidi. Muuzaji aweze kujaza kila kitu bila mtandao, picha zijipange foleni zipande mtandao ukirudi. Programu yenyewe iwe nyepesi, kwa sababu simu nyingi zimejaa video za familia, na ya kwanza kufutwa ni ile inayokula nafasi.

Vitufe visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini cha Android) ambazo mwongozo wa Android unashauri, na maandishi yafikie uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma. Kijivu juu ya nyeupe kinapendeza kwenye kompyuta ya ofisini. Saa saba mchana pale sokoni hakionekani kabisa.

Andika Kiswahili tangu mwanzo, usitafsiri mwishoni. Linganisha "Hitilafu imetokea. Jaribu tena baadaye" na hii: "Mtandao umekatika. Picha zako 3 zimehifadhiwa, zitapanda zenyewe." Ujumbe wa kwanza unamwacha mtu njia panda, hajui aanze upya au asubiri.

Hatua ya 9: Sheria

Kwa ufupi. Kusiwe na kundi la nguo za ndani, kwani TBS (Shirika la Viwango Tanzania) imekataza nguo za ndani za mitumba, na chujio la maneno lizuie pia zinazopenyezwa kwa jina jingine. Unakusanya majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, ikiwemo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya mnunuzi mwoneshe boda tu, na ifutike kwake mzigo ukishafika. Ukiota ndoto ya kuvuka mipaka, kumbuka kwamba sera hutofautiana sana: mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na biashara yenyewe ikabadilika sura.

Hatua ya 10: Jaribu kwa karatasi, kisha kwa watu wachache

Chora skrini za kuposti kwenye karatasi, mpe muuzaji gauni halisi na futi, mwambie aposti kwa kugusa karatasi huku wewe ukizibadilisha. Usimsaidie. Kidole kinaposita ndipo penye kosa lako. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, ameshauri tangu mwaka 2000 kwamba watu watano kwa kila mzunguko wanatosha kuonyesha matatizo mengi, kisha urekebishe ujaribu na wengine watano. Wachanganye: mwenye simu mpya, mwenye simu iliyopasuka kioo, na mama mmoja asiyependa kusoma maelezo.

Kabla ya kuandika programu kamili, iendeshe huduma kwa mkono kwa wiki kadhaa: wauzaji kumi, jedwali la kompyuta, namba za pini, wewe mwenyewe ukiwa katikati ya malipo ya majaribio kupitia Lipa Namba ya biashara iliyosajiliwa. Utagundua kanuni ipi ya kurudisha haitekelezeki na mtaa upi boda hawafiki, bila kulipa fundi senti.

Ukishazindua, usihesabu waliopakua. Hesabu sekunde za kuposti nguo moja kwa muuzaji aliyeshazoea, na lengo liwe chini ya 60. Hesabu sehemu ya nguo zinazouzwa ndani ya siku saba, na oda zilizofutwa kwa sababu nguo haikuonekana au ilikuwa imeshauzwa kwingine. Hiyo ya mwisho ikipanda, wapigie simu wauzaji wenye oda hizo. Mara nyingi utakuta wanaposti kwako na kwenye statasi kwa pamoja. Dawa yake ni kitufe cha "Tuma kwenye statasi" ndani ya programu, chenye kiungo kinachomleta mteja kulipia kwako. Nyota za wauzaji, kufuatana, na laivu za video viache mpaka namba hizi tatu zikae sawa.